Ni Nani Asiyekiona? Kifaa cha USB Kinapopotea Kwenye Linux

Unachomeka flashi, taa yake inawaka, kisha kimya. Hakuna dirisha linalofunguka wala alama mpya kwenye orodha ya diski. Unachomoa, unapuliza vumbi, unachomeka tena. Kimya kilekile. Ukiomba msaada, ushauri unamiminika: badilisha kebo, washa kompyuta upya, ongeza maneno haya kwenye mstari wa GRUB (programu inayoiwasha Linux), sakinisha pakiti ile. Kila mmoja anasema kweli, maana dawa yake ilimponya yeye. Lakini maradhi hayakuwa mamoja.

Shida inaanzia kwenye neno "haioni". Tunasema "Linux haioni flashi yangu" kana kwamba Linux ina jicho moja. Kati ya plagi uliyoishika na faili unalolitaka kuna wanne wanaopokezana kazi. Wa kwanza ni kidhibiti cha USB kilichomo kwenye bodi ya kompyuta, ambacho huhisi umeme tu. Wa pili ni kerneli, yaani kiini cha Linux, inayokiuliza kifaa jina lake. Wa tatu ni draiva, programu inayojua kuongea na kifaa cha aina hiyo, inayokubali kukihudumia. Wa nne ni mfumo wa faili pamoja na ruhusa zako, na hapo ndipo kitu hufika machoni pako. Yeyote kati yao akikwama, wewe unaona jambo lilelile: hakuna kitu. Kwa hiyo jiulize kwanza ni nani asiyekiona, na usibadilishe hata herufi moja kwenye mipangilio kabla hujapata jibu. Nalisisitiza hili kwa sababu niliwahi kumaliza jioni nzima nikihariri vigezo vya kerneli kwa ajili ya diski ya nje ambayo kebo yake ilikuwa imekatika ndani.

Sikiliza kabla ya kugusa

Chomoa kifaa. Fungua terminali, andika:

sudo dmesg -w

Maneno mengi yatapita, kisha yatatulia. Sasa chomeka kifaa huku ukitazama. Kerneli huandika kila inachokutana nacho, na amri hiyo inakuonyesha maandishi hayo papo hapo. Ukipenda, "sudo journalctl -kf" hufanya kazi hiyohiyo kwenye mifumo inayotumia systemd. Ukimaliza, bonyeza Ctrl pamoja na C.

Hapo utapata moja kati ya majibu matatu. Huenda kusiandikwe chochote. Huenda yakaandikwa malalamiko. Au kifaa kitapokewa vizuri, kwa maneno kama haya:

usb 1-2: new high-speed USB device number 7 using xhci_hcd
usb 1-2: New USB device found, idVendor=0781, idProduct=5567

Ukiona mistari kama hiyo bila malalamiko baada yake, acha kebo ipumzike na uache kulaumu tundu. Umeme umefika, kifaa kimeulizwa jina na kimejibu. Tatizo lako liko juu zaidi. Hizo "1-2" ni anwani: basi (njia kuu ya USB) la kwanza, tundu la pili. Ukiona "1-2.4", maana yake kifaa kimepitia habu, yaani kigawanya matundu, iliyochomekwa kwenye tundu la pili, na chenyewe kiko kwenye tundu la nne la habu hiyo. Ikariri anwani hiyo, tutaihitaji baadaye.

Kimya kabisa

Kebo ya USB 2.0 ina nyaya nne: mmoja wa volti 5, mmoja wa kurudisha umeme, na mbili za data. Kifaa hujitangaza kwa namna rahisi ajabu. Ndani yake mna kikinzani cha kiloomu 1.5 kinachouinua waya mmoja wa data. Ukiinuka mmoja, kompyuta inajua imepata kifaa cha megabiti 12 kwa sekunde. Ukiinuka mwenzake, ni kifaa cha polepole cha megabiti 1.5, kama kibodi na vipanya vingi. Vifaa vya megabiti 480 huanza kama vile vya 12, kisha huomba kupandishwa. Bila waya huo kuinuka, kerneli haina habari, hivyo haina cha kuandika.

Ndiyo maana taa kuwaka hakuthibitishi chochote. Taa hutumia nyaya mbili za umeme. Mazungumzo yanahitaji zile mbili nyingine. Kuna kebo nyingi zilizotengenezwa kwa kuchaji tu, ambazo nyaya za data hazimo kabisa, na kwa nje huwezi kuzitofautisha na nyingine. Simu itachaji vizuri usiku kucha kwa kebo ambayo haitapitisha picha hata moja. Basi kwenye kimya kabisa, jaribu kwanza kebo ambayo umewahi kuhamishia mafaili kwa mikono yako mwenyewe.

Kebo ikiwa nzima, hamia kwenye tundu jingine. Kwenye kompyuta ya mezani, matundu ya mbele yameunganishwa na bodi kwa kebo ya ndani ambayo hulegea au husahaulika wakati wa kuunda mashine. Yale ya nyuma yamechomelewa kwenye bodi yenyewe. Tundu la nyuma ndilo la kuaminiwa wakati wa kupima. Chomeka pia kifaa kingine unachojua kinafanya kazi kwenye tundu linaloshukiwa. Majaribio hayo mawili, kifaa kile tundu jingine na tundu lile kifaa kingine, yanakwambia mwenye kosa ni nani.

Ikiwa hakuna tundu hata moja linalojibu, ingia kwenye mipangilio ya BIOS uangalie kama USB imezimwa. Vilevile kuna programu za kubana matumizi ya betri, kama TLP na powertop, zinazoweza kumlaza kidhibiti mwenyewe asiamke kifaa kinapochomekwa. Dalili yake ni hii: kifaa kilichokuwamo tangu kompyuta inawaka kinafanya kazi, kinachochomekwa baadaye hakionekani, na wakati mwingine kuandika "lsusb" kunakiibua ghafla, kwa kuwa amri hiyo huwaamsha waliolala.

Malalamiko

Hapa ndipo panapochanganya watu wengi, maana maneno yanatisha:

usb 1-2: device descriptor read/64, error -71
usb 1-2: device not accepting address 8, error -71
usb usb1-port2: unable to enumerate USB device

Waya wa data umeinuka, kerneli imejua kuna mgeni. Imeliweka tundu upya, imemwomba mgeni aeleze wasifu wake na imempa namba, kati ya 1 na 127. Mgeni amejibu kwa maneno yasiyoeleweka, au hakujibu. Namba ya kosa inatofautisha hayo mawili: -71 ni jibu lililovurugika njiani, -110 ni muda uliokwisha bila jibu. Ya -32 huonyesha kifaa kimekataa ombi. Kerneli hujaribu mara kadhaa, ndiyo maana mistari hiyo hujirudia, kisha hukata tamaa kwa ule mstari wa mwisho.

Watu wakiona hivyo hukimbilia kutafuta draiva. Draiva haihusiki hapa. Kerneli bado haijajua hiki ni kifaa gani, itawezaje kukichagulia draiva? Karibu kila mara makosa haya ni ya umeme au ya nyaya: kebo ndefu mno au iliyochoka, tundu lenye kutu, habu isiyo na umeme wake, au kifaa chenyewe kinachokaribia kufa.

Umeme unastahili maelezo zaidi. Kifaa cha USB 2.0 kinapochomekwa kinaruhusiwa kuvuta miliampia 100 tu hadi kikubaliwe, baada ya hapo hadi 500. Kwenye USB 3.0 kiwango cha juu ni 900. Diski ya nje yenye sahani zinazozunguka huhitaji umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka kuliko inapokuwa imeshika kasi. Ichomeke kwenye habu inayogawana umeme wa tundu moja na kipanya, kibodi na modemu, utasikia inajikakamua, inanyamaza, inaanza tena. Kerneli wakati mwingine hulisema wazi kwa maneno "insufficient available bus power", yaani umeme uliobaki hautoshi, au "over-current condition", yaani tundu limevutwa kupita kiasi. Dawa ni kuichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, au kununua habu yenye adapta yake.

Kuna jambo moja dogo ambalo naliona limesahauliwa. Plagi ya USB 3.0 ina miguu tisa: minne ya zamani na mitano mipya iliyo ndani zaidi. Ukiichomeka taratibu sana au isipofika mwisho, ile minne hugusa peke yake na diski yako inafanya kazi kama ya USB 2.0, au inayumba kati ya hali mbili. Isukume kwa uthabiti mara moja.

Kabla ya kukihukumu kifaa, zima kompyuta kabisa, ondoa waya wa umeme, subiri dakika moja, kisha washa. Kuwasha upya kwa kawaida huacha matundu mengi yakiwa na umeme, na kifaa kilichoganda ndani hubaki kimeganda.

Kimepokewa, ila hakina wa kukihudumia

Sasa tuseme dmesg imekipokea vizuri. Andika:

lsusb

Utaona orodha ya vifaa. Mistari yenye 1d6b ni matundu mama ya kompyuta yenyewe, yapuuze. Kifaa chako kina namba mbili zenye nukta mbili katikati, kama 0781:5567: ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya bidhaa. Jozi hiyo ndiyo jina halisi la kifaa, kuliko lolote lililochapishwa kwenye ganda lake. Ukitafuta msaada, tafuta kwa jozi hiyo.

Kisha:

lsusb -t

Amri hii inachora mti. Kila tawi linaonyesha kasi na draiva iliyokishika kifaa: Driver=usb-storage, Driver=uas, Driver=usbhid. Ukikuta Driver=[none] au nafasi tupu baada ya alama ya usawa, umempata mhusika. Kifaa kimejitambulisha, hakuna aliyekuja kukichukua. Ila usishtuke kwa printa na baadhi ya skana, maana hizo huweza kuendeshwa na programu za kawaida bila draiva ya kerneli.

Sababu inayowashika wengi, hasa wa Arch Linux na ndugu zake, ni kusasisha mfumo bila kuwasha upya. Kerneli mpya imesakinishwa, moduli (vipande vya kerneli, zikiwamo draiva) za ile ya zamani zimefutwa, lakini iliyo kazini ni ya zamani. Flashi ya kwanza kuchomekwa baada ya hapo inahitaji moduli ambayo haipo tena kwenye diski. Linganisha:

uname -r
ls /lib/modules

Jina linalotolewa na amri ya kwanza lisipokuwamo kwenye orodha ya pili, washa kompyuta upya na mambo yataisha.

Sababu nyingine ni katazo la makusudi. Kompyuta za ofisi mara nyingi huzuiwa flashi, na anayeitumia haambiwi. Tafuta kwa "grep -r storage /etc/modprobe.d" uone kama kuna mstari wenye blacklist au install unaoitaja usb-storage. Ujumbe "Device is not authorized for usage" kwenye dmesg ni dalili ya mlinzi kama USBGuard. Ikiwa mashine si yako, hapo kazi ya ufundi imeisha. Nenda kwa msimamizi wake.

Modemu za intaneti zina tabia yake. Nyingi hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya Windows, na hazigeuki kuwa modemu mpaka ziambiwe. Pakiti ya usb_modeswitch ndiyo inayotoa amri hiyo. Ukiona modemu imeleta /dev/sr0 badala ya kifaa cha mtandao, anza hapo.

Na kuna kisa ambacho kimewatesa wanaojifunza Arduino, bodi ndogo za kuprogramu. Bodi nyingi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340, yenye namba 1a86:7523. Kwenye Ubuntu 22.04, unaichomeka, /dev/ttyUSB0 inatokea, na sekunde hiyohiyo inatoweka. Dmesg inaeleza vizuri, ukiisoma: programu iitwayo brltty imeichukua. Hiyo ni programu ya kuendesha vionyeshi vya nukta nundu kwa wasioona, na baadhi ya vionyeshi hivyo hutumia chipu yenye namba ileile. Ushauri wa kawaida ni kuiondoa. Naomba uhakikishe kwanza kwamba hakuna mtu anayeihitaji kwenye kompyuta hiyo, maana kwa asiyeona, ndiyo skrini yake. Akiwapo, zima kanuni ya udev (huduma inayosimamia vifaa vinavyochomekwa) inayohusu namba hiyo peke yake.

Kipo, ila hukifikii

Kwa flashi na diski, endelea na:

lsblk -f

Ukiona sdb, yaani diski yenyewe, na chini yake sdb1, yaani sehemu yake, yenye aina ya mfumo wa faili, basi Linux inaiona flashi yako vizuri kabisa. Kilichobaki ni kuipachika, yaani kuifungua kwenye folda. Mazingira mengi ya eneo-kazi hufanya hivyo yenyewe, lakini anayetumia kisimamia madirisha chepesi kama i3 hatapata dirisha lolote mpaka aombe:

udisksctl mount -b /dev/sdb1

Jibu la amri hiyo ni la thamani hata inaposhindwa. Ikisema aina ya mfumo wa faili haijulikani, angalia toleo la kerneli. ExFAT, mfumo wa faili wa flashi nyingi, iliingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2019 kwa toleo la 5.4, na draiva bora zaidi ikaja na 5.7 mwaka 2020. NTFS, ule wa Windows, ilipata draiva kamili ya kusoma na kuandika kwenye 5.15, mwaka 2021. Mifumo ya zamani huhitaji pakiti za ziada, kama ntfs-3g.

Ikisema NTFS ni chafu, yaani "volume is dirty", maana yake Windows haikuifunga vizuri. Mara nyingi flashi ilichomolewa bila kuaga. Kwa diski ya ndani, chanzo huwa ni ule uwashaji wa haraka wa Windows, ambao huigandisha diski badala ya kuifunga. Irudishe Windows, iendeshee chkdsk (kikagua diski cha Windows), izime kikamilifu. Kuna njia za kulazimisha kutoka upande wa Linux. Sizipendi kwenye diski yenye kazi ya mtu.

Ikiwa dmesg inataja sdb lakini lsblk haiionyeshi, na fdisk inasema "No medium found", kisoma kadi hakina kadi, au kumbukumbu ya ndani ya flashi imekufa na kilichobaki hai ni chipu ya kuongea tu. Hilo la pili halitibiki kwa amri.

Kwa vifaa visivyo diski, kizuizi huwa ni ruhusa. /dev/ttyUSB0 ipo, programu inasema "Permission denied". Kwenye Debian na Ubuntu unahitaji kuwa kwenye kundi la dialout, kwenye Arch ni uucp:

sudo usermod -aG dialout $USER

Kisha toka kwenye akaunti uingie upya. Bila hivyo kundi jipya halitambuliki, na utadhani amri haikufaa. Tafadhali usiizoee njia ya chmod 777, inayomfungulia kila mtu. Itafanya kazi hadi utakapochomoa kifaa, kwa kuwa udev hulitengeneza faili hilo upya kila mara.

Simu ya Android ikionekana kwenye lsusb bila mafaili, ifungue kioo na uchague kuhamisha mafaili kwenye arifa ya USB. Kwa kawaida huanza na kuchaji tu, kwa usalama wako.

Kinakuja na kwenda

Kifaa kinachotoweka kila kikikaa kimya kidogo kinalazwa. Kwa kawaida kerneli hailazi vipanya na diski ovyo. Programu za kubana betri ndizo zinazoagiza hivyo. Tumia ile anwani uliyoikariri:

echo on | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-2/power/control

Kikitulia, umepata jibu, nawe unaweza kukiweka kwenye orodha ya vifaa visivyoguswa katika mipangilio ya TLP. Kuzima usingizi kwa vifaa vyote kupitia usbcore.autosuspend=-1 ni kumwaga maji ya mtungi mzima kwa ajili ya nzi mmoja.

Diski inayokatika katikati ya kunakili mafaili makubwa, huku dmesg ikitaja "uas", itifaki ya kasi ya diski za USB, huenda ina ganda lenye chipu isiyoielewa vizuri itifaki hiyo. Kigezo usb-storage.quirks, kikifuatwa na namba za kifaa na herufi u, huilazimisha itumie njia ya zamani. Ni ya polepole, ila inashika.

Na kipanya kisicho na waya kinachorukaruka kila diski ya USB 3.0 inapofanya kazi hakina hitilafu. Mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye eneo la gigahezi 2.4, ambako vipanya hivyo huongelea. Intel ilichapisha vipimo vyake mwaka 2012. Kihamishe kipokezi upande wa pili wa kompyuta, au ukiweke mbali kwa kebo fupi ya kurefusha.

Jambo la mwisho ni kwa yule ambaye diski yake ina picha za familia au tasnifu ya miaka mitatu, na dmesg imejaa "I/O error". Usikubali kompyuta inapokuomba ruhusa ya kuifomati. Usiendeshe fsck, amri ya kurekebisha mfumo wa faili, juu yake. Kila jaribio la kuisoma linaipunguzia pumzi, kwa hiyo litumie jaribio ulilonalo kunakili. Tafuta diski nyingine yenye nafasi, ingia kwenye folda yake, sakinisha ddrescue, ambayo kwenye Debian na Ubuntu pakiti yake inaitwa gddrescue, hakikisha mara mbili kwamba sdb ndiyo diski mgonjwa, kisha:

sudo ddrescue /dev/sdb picha.img picha.map

Itachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, itarudia ngumu baadaye, na ikikatizwa itaendelea ilipoishia mradi faili la map lipo. Ikimaliza, iweke diski kando, na majaribio yako yote yafanye kwenye nakala.